Mgongo wa Shati Haumo Kwenye Jedwali

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, na nikisema nyingi ujue nimezihesabu: zangu, za mama mdogo wako, za jirani wa ukuta wa pili ambaye redio yake imepona, na za paka, ambaye amezaa tena ndani ya kapu lako la vitabu. Vitabu nimevitoa. Kilichoharibika ni kimoja tu, nacho kilikuwa cha hesabu, kwa hiyo nadhani hukihitaji tena maana hesabu umeshahitimu.

Sisi wazima. Pesa uliyotuma kwenye simu ya mama mdogo nimeipata. Alinisomea ujumbe wako kwa sauti, mbele ya watu, ndiyo maana naandika barua. Simu ni yake, na akinipa niongee anasimama hapo hapo ananitazama mdomo. Barua nampa yule dereva anayekuja huko kila wiki mbili kuchukua sabuni za madumu. Mtu mzuri, ila msahaulifu.

Ulisema niache kazi kwa ajili ya kifundo cha mkono. Nimeacha. Napumzika. Nakaa tu kwenye kiti kama bibi harusi. Uvimbe umepungua, au mkono wote umenenepa, sijui.

Sasa kuna jambo, wala si langu, ni la mama mdogo wako na wenzake kule kwa dobi. Wamesikia kuna watu wa serikali wanapita kila penye kazi, maofisini na viwandani, wanauliza kila mtu analipwa kiasi gani kwa mwezi, ili waandike malipo ya kawaida ya kila kazi katika eneo. Nikawaambia, hiyo si ndiyo ofisi ya mwanangu? Wakasema basi muulize: ni kodi? Mimi nimewaambia serikali haiulizi kitu bure, na mtu akijua unapata ngapi anajua akuombe ngapi. Lakini wewe ndiye uliyesoma. Nijibu haraka, wanakuja katikati ya Machi na watu roho ziko juu.

Na wewe, wanakulipa vizuri? Hujawahi kusema. Kula.

Mama yako anayekuwaza


9 Machi

Mama, shikamoo.

Natumaini hujambo, na mkono nao hujambo. Nafurahi umeacha kazi. Nilikuwa silali kwa kuuwaza mkono huo. Mimi mzima. Ofisi ni nzuri. Nina meza yangu, kiti kinachozunguka, na dirisha, ingawa dirisha linatazama ukuta. Naomba radhi kuchelewa. Barua yako ilinifikia tarehe mosi, na tangu siku hiyo tumo kwenye mafunzo ya zoezi hilo hilo ulilouliza.

Waambie wenzake mama mdogo kwamba si kodi. Waseme kweli tupu. Majina hayaandikwi. Sote hapa tumekula kiapo cha usiri, hata mimi nikiona fomu siruhusiwi kumwambia mtu nilichokiona. Atakayewauliza anaitwa mdadisi. Anaandika jibu neno kwa neno, kama lilivyotoka mdomoni mwa mtu, ndiyo kanuni. Fomu zikifika huku sisi makarani tunaziingiza kwenye kompyuta, tunapata wastani, na wastani unachapishwa kwenye jedwali. Waajiri hulitazama jedwali wanapopanga mishahara. Kwa hiyo anayesema uongo anajikata mwenyewe.

Malipo yangu yanaridhisha. Nakula vizuri.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Mdadisi alikuja jana.

Nakueleza kama nilivyosimuliwa na mama mdogo wako. Alikuja kijana wa viatu vya kubana, akaketi penye meza ya kuchambulia shuka, akavivua chini ya meza akidhani hawamwoni. Wamemwita Viatu tangu hapo. Tajiri wao unamkumbuka, yule tunayemwita Kola kwa sababu kola ya shati lake husimama hata yeye akikaa. Kola alimwambia waulize wenyewe, mimi nina wateja, akaenda zake.

Wakaulizwa. Ni wanawake kumi na watatu, au kumi na wanne ukimhesabu na mwingine. Sasa kuna mtu mmoja alikuwa amewapanga mapema, sitamtaja. Aliwaambia, msitaje laki tatu yenu, semeni laki moja na themanini, na semeni wote sawasawa, asizuke mjuaji wa kutaja nyingine. Akawafanyisha mazoezi wakati wa kukunja shuka: mmoja anauliza, mwenzake anajibu kwa uso wa huzuni. Mama mdogo wako alihuzunika vizuri mpaka Viatu akampa leso. Wote kumi na wanne jibu moja, kama darasa la kwanza. Tulipomaliza, yaani walipomaliza, wakapongezana.

Ndipo leo nikasoma barua yako. Nilipofika kwenye neno waajiri, nikatafuta pa kukaa.

Mwanangu, fomu zinaweza kurudishwa? Wewe si uko hapo hapo? Ziko kwenye mkoba wa kahawia, kamba yake imekatika. Zikikufikia usiingize kitu. Sema zimelowa. Sema zimeliwa na panya. Nampa dereva sasa hivi na nimemwambia asisimame popote. Hii si ya kuchelewa.

Mama yako


28 Aprili

Mama, shikamoo.

Hamjambo huko? Paka na wanawe? Sijapata barua yako tangu ile ya Februari, nikasema huenda umeamua kuupumzisha mkono hata kwenye kuandika. Natumaini yangu ilifika kwa wakati na wenzake mama mdogo walijibu kweli.

Fomu za eneo lenu zimefika, na kwa bahati zimewekwa mezani kwangu. Siruhusiwi kusema nimeona nini, kwa hiyo sisemi. Naweza kusema tu kwamba mkuu wa kitengo amezisifu. Fomu kumi na nne kutoka kiwanda kimoja, majibu hayakupishana hata kidogo. Amesema tangu aajiriwe hajaona takwimu safi namna ile, na amezitoa nakala za kufundishia wadadisi wapya.

Ila nakuuliza, kama mtoto anavyomuuliza mama yake. Hapo kwa dobi kuna mpiga pasi wa mashati, wa miaka hamsini na sita, mwenye miaka kumi na tisa kazini, amevimba kifundo cha mkono wa kulia? Alipoulizwa anategemewa na watu wangapi, akajibu, "Mmoja. Mwenyewe anadhani mimi ndiye ninayemtegemea."

Kama unamfahamu mtu huyo, mwambie kuna karani aliinuka mezani akaenda kusimama kwenye stoo ya karatasi mpaka uso ukakauka. Mwambie hakujua kwamba malipo ni madogo kiasi kile. Alimsomesha mtu miaka yote ile kwa pesa ile?

Mwezi huu nimeongeza kidogo. Usiulize. Na safari hii upumzike kweli.

Mwanao


15 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Leo salamu ni fupi, za kila mtu ziko ndani ya hii moja.

Yule mpiga pasi namfahamu. Anakushukuru kwa kumkumbuka. Anasema ile ya Februari haikuwa uongo, aliacha kazi kweli, Ijumaa na Jumamosi. Jumatatu akaona mkono ukikaa bure ndio unauma zaidi.

Sasa la moyoni. Jedwali lenu limetoka. Kola amelibandika mlangoni kwa pini nne, akatuita wote tusimame hapo na maji yanatutiririka viwikoni. Akasema, "Kina mama, kumbe mimi nimekuwa mfadhili na sikujijua." Akaweka kidole kwenye mstari: mpiga pasi, malipo ya kawaida katika eneo hili, laki moja na themanini. Na mfuaji hivyo hivyo, na mkunjaji hivyo hivyo. Akasema anatupenda, lakini yeye ni nani apingane na wataalamu, kuanzia mwezi huu tutalipwa kama watu wote wa eneo hili. Mwanangu, watu wote wa eneo hili ni sisi. Kiwanda cha dobi ni hicho kimoja, wengine wanafulia majumbani. Hao wa kawaida ni sisi wenyewe kumi na wanne.

Hakuna aliyelia wala kupiga kelele. Waligeuka tu wakanitazama mimi. Mama mdogo wako akasema taratibu, "Dada, tufanyishe mazoezi mengine." Tangu siku hiyo yule wa kwenye kamba za kuanikia, aliyekuwa akiniwekea nafasi kwenye benchi, anaweka mkoba wake hapo. Nakula nimesimama. Wanaye mtoto wa shule kila mmoja, na mimi ndiye niliyewafundisha kusema. Najikaza kisabuni, lakini nikifika kwenye pasi machozi yanadondokea mashati ya watu, afadhali yanasaidia mvuke.

Kuna jingine. Walipoondoka nilibaki mlangoni nikaendelea kulisoma jedwali kwa kidole. Nikamaliza kazi za mikono, nikaingia za maofisini. Meneja. Mhasibu. Katibu muhtasi. Nashuka tu, nikadhani nimepitiliza, mpaka mstari wa mwisho kabisa, chini yake hakuna kitu ila namba ya ukurasa: karani wa kuingiza takwimu, wa muda, laki mbili na arobaini.

Kwa hiyo mimi kabla ya kujitia akili nyingi nilikuwa nakuzidi. Nilikukataza kushika pasi hata kwa mchezo, nikakupeleka shule, nikakupandisha ofisini, kumbe nilikuwa nakushusha ngazi. Watu wananiita mama karani, na mimi naitika.

Na mwezi uliopita umenitumia laki moja na thelathini. Toa chumba. Toa nauli. Unakula nini? Nijibu hilo tu, mengine acha. Na barua yangu ya Machi, mbona hukusema zimelowa?

Mama yako


10 Julai

Mama, shikamoo.

Barua zako zote mbili zimenifikia wiki hii. Ile ya Machi dereva aliikuta chini ya kiti alipokuwa akitafuta spana. Amenipa kwa mikono miwili, akaapa hakusimama popote. Imelowa sabuni. Nimezisoma nimekaa ngazini, kwanza ya Juni halafu ya Machi, yaani nimeadhibiwa kwanza ndipo nikasomewa kosa.

Mama, niliingiza mimi. Fomu zote kumi na nne, kwa vidole hivi. Na nilikuonea huruma kwa laki moja na themanini ambayo wala hayakuwa malipo yako.

Nimekwenda kwa mkuu wa kitengo nikamwambia takwimu za kile kiwanda cha dobi si sahihi. Akaniuliza, "Umejuaje?" Nilikuwa na majibu mawili. Nikisema namfahamu mhojiwa, nimevunja kiapo na kazi imekwisha siku hiyo hiyo. Nikasema nimehisi. Akaniambia hapa hatuhisi. Ila kuna uhakiki mwishoni mwa Agosti. Mdadisi atarudi kwa waajiri wachache kuuliza upya, na kiwanda chenu kimo, kwa sababu ya ule usafi wa majibu yake. Waambie wenzako safari hii waseme kweli. Ndiyo njia pekee iliyobaki.

Kuhusu chakula. Ile laki mbili na arobaini uliyoisoma, nayo si kweli. Sisi makarani tulijaza fomu zetu humu humu, meza kwa meza. Hakuna aliyetaka jirani yake achungulie aone laki moja na tisini. Kila mmoja akatia chumvi kidogo, na mimi nikatia. Mwezi wa tano tulipoomba nyongeza, mhasibu akafungua jedwali letu wenyewe akasema, "Nyinyi mnalipwa vizuri, hebu tazameni, si mmeingiza wenyewe?"

Nakula, Mama. Sikutajii nini.

Naomba hili la chumvi libaki kwako.

Mwanao


3 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na salamu za wote. Watoto wa paka wamepata kwao; mmoja kachukuliwa na fundi wa boila, anamlaza juu ya bomba la moto, kanenepa kuliko fundi.

Kwanza nisamehe. Ile sehemu ya chumvi niliwasomea wenzangu wote wakati wa kupumzika. Nilianza kwa nia ya kukuombea msaada wa mawazo, nikajikuta nimefika mwisho. Yule wa kamba ndiye aliyeanza kucheka, wakacheka wote mpaka wengine wakashika meza. Akasema, "Yaani hata waliosoma." Akaondoa mkoba wake kwenye benchi, akapapasa pale kwa kiganja, nikakaa. Kwa hiyo aibu yako imenirudishia nafasi yangu. Nyinyi mlipandisha kwa kuoneana haya, sisi tulishusha kwa woga, na wote tukakutana kwa mhasibu.

Sasa sikiliza la mashati. Siku moja mama mdogo wako, ambaye hafikirii mara nyingi lakini akifikiri anafikiri, aliuliza: shati la laki tatu tunalijua, je, la laki moja na themanini linapigwaje pasi? Tukakaa tukalipima. Tukaona ni kola, mikono na mbele. Mgongo haumo. Basi tukaanza. Mbele linang'aa ukajitazame, nyuma kama lilivyotoka kwenye kamba. Hakuna aliyegoma, hakuna aliyechelewa, mashati yalitoka kwa idadi ile ile, yakakunjwa mgongo ndani.

Wiki mbili kimya, maana wakubwa wa maofisini wanavaa makoti. Ndipo likaja joto lisilo la msimu. Tumesimuliwa kwamba kwenye mkutano mmoja wa mameneja, wa kwanza alivua koti, wa pili akavua, na wote walipoinuka kutazama chati ukutani, waliokaa nyuma waliona migongo kama vitanda visivyotandikwa. Simu ya Kola haikupumzika siku hiyo. Akashuka kwetu, na yeye mwenyewe mgongo wake ulikuwa vile vile, ni sisi tunaompigia. Akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Bosi, mgongo haumo kwenye jedwali."

Alikwenda akalitazama jedwali kwa muda. Kulibandua hakutaka, tayari alikuwa ameshawasomea wageni. Akasema mshahara utabaki kama wataalamu walivyoandika, yeye si mtu wa kurudi nyuma. Lakini akasema kuna kitu kinaitwa posho. Laki moja na ishirini kila mwezi, ndani ya bahasha, haiandikwi daftarini, na asisikie mtu anaitaja nje. Sisi tunaiita posho ya mgongo. Jumlisha mwenyewe, wewe ndiye mwenye kompyuta.

Kwa hiyo juzijuzi Viatu alipokuja kwenye uhakiki wake ilitukuta hivyo. Amenunua viatu vipya, hata hakuvivua. Safari hii hakutaka mdomo peke yake, akataka na daftari la mishahara. Midomo ikasema laki moja na themanini. Daftari likasema laki moja na themanini. Mwanangu, najua uliniomba, na mimi nilikuwa tayari kusema kweli, lakini kweli yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo. Mshahara ndio huo. Posho hakuuliza. Alifurahi karibu atukumbatie. Ukikutana na jedwali lako niombee radhi.

Mwisho wa fomu akaniuliza kama nina maoni. Mara ya kwanza nilisema sina. Safari hii nikakumbuka ulivyoniandikia, kwamba wanaandika neno kwa neno, na kwamba fomu inakwenda mpaka mezani kwako. Tena Viatu anasafiri kwa basi, hana kiti cha kupotezea barua. Nikampa maoni. Alisita, akanitazama, nikamwambia kanuni ni kanuni. Akaandika.

Sikuambii nilisema nini. Ni siri.

Mama yako


20 Septemba

Mama, shikamoo.

Barua yako sijaipata, na dereva sijamwona mwezi wa pili sasa. Naandika kwa sababu fomu zimefika.

Siruhusiwi kusema nimeona nini. Naweza kusema tu nimeumia kwamba malipo ni yale yale, na kwamba hata daftari limethibitisha. Mkuu wa kitengo amezitembeza ofisi nzima. Amesema mmoja wetu alikuwa na shaka na kiwanda hiki, na huu ndio ushahidi kwamba tusihisi.

Kisha nikafika kwenye fomu ya saba, kwenye kisanduku cha mwisho. Kimeandikwa kwa mwandiko wa mdadisi, kwa kubana, maana nafasi ilikuwa ndogo. Maoni ya mhojiwa: "Anayeandika haya kwenye kompyuta aache kwanza, akale mpaka ashibe, halafu aendelee. Mwezi huu asitume kitu. Mama yake mzima na anaketi kwenye benchi."

Kanuni inasema tusibadilishe neno, kwa hiyo sikubadilisha. Lakini kompyuta haipokei maoni bila kundi: malipo, muda wa kazi, usalama kazini. Nikabaki nimeinua vidole hewani. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, akasoma, akauliza hii tunaiweka wapi. Nikasema usalama kazini. Akasoma tena. Aliuliza kama nimekula, nikasema bado, akasema, "Basi nenda, usicheleweshe takwimu."

Nilikula, Mama. Nilikula mpaka nikalegeza kifungo, na mwezi huu sikutuma kitu. Ushahidi sina, sina daftari.

Na sisi makarani tumejaza zetu upya. Kwenye malipo nimeandika laki moja na tisini, bila chumvi, jirani akachungulia, nikamwachia achungulie. Baada ya dakika moja nikasikia anafuta yake. Kwenye idadi ya wanaonitegemea nikafikiri kidogo, nikaandika neno kwa neno: Mmoja. Anasema ameacha kazi.

Mwanao